Riwaya Yangu Haikuwa na Hatia

"Mwanangu, hayo mahadithi yako ndiyo yameijaza kompyuta. Yafute."

Mama mwenye steshenari hakunikaripia, na ndiyo maana niliogopa. Mchana namchapia maombi ya kazi na kadi za harusi hapa Kibakwe. Usiku ananiachia ufunguo, naandika riwaya. Kurasa 180, nipo sura ya tisa. Tangu nimalize kidato cha nne sina kitu kingine cha kumwonyesha mtu.

Kompyuta kweli ilikuwa imechoka. Unabonyeza herufi, inatokea umeshasahau ulitaka kuandika nini. Wateja wakawa wanaondoka wakisonya. Nikapuliza vumbi kwenye feni, maana mashine ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua. Wapi!

Msomaji mwenzangu, nililipima faili la riwaya. Halifiki hata megabaiti moja. Picha moja ya simu inalizidi! Sasa mwizi nani?

Nikafungua dirisha linaloonyesha kazi za mashine. Muda tangu iwashwe: siku 31. Siku 31, na mimi kila usiku naizima kwa mkono wangu huu!

Kumbe tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukizima kwa kawaida programu zako hufungwa, lakini kiini cha mfumo huwa hakifi. Kinahifadhiwa kwenye diski, kesho kinaamshwa kilipoishia ili mashine iwake upesi. Kinaamka na uchovu wake. Kiprogramu kinachoendesha kifaa fulani kikichukua nafasi kwenye kumbukumbu bila kuirudisha, deni linakua siku hadi siku. Kumbukumbu ikijaa, mashine inahamishia mambo kwenye diski, na diski ni konokono. Dawa ni kuiwasha upya, si kuizima.

Nikainakili riwaya kwenye flashi kwanza, mkono unatetemeka, ndipo nikabonyeza "Restart".

Asubuhi mama akachapa barua mwenyewe, chapchap. Akacheka.

"Si nilikwambia? Umeyafuta, imepona."

"Imepona, mama."

Hilo la kufuta sikuligusa. Naiwasha upya kila asubuhi kabla hajafika. Sura ya tisa ipo palepale, na mle ndani ana nafasi mama mmoja mwenye steshenari. Bado sijui nitamfanyaje.