Nyumba ya Matope ya Susu Ina Ndugu Yake London

Wasee, hebu niwaambie kitu. Ile nyumba ya matope ya susu wako kule ushago, ile ukipiga picha unahakikisha haionekani nyuma yako, imejengwa kwa ujuzi uleule uliojenga nyumba za wakubwa wa Uingereza.

Sicheki. Pale Chingford, pembeni mwa London, kuna loji ya mbao ya ghorofa tatu. Mfalme Henry VIII ndiye aliamuru ijengwe mwaka wa 1543, ndani ya msitu wa Epping. Mwanzoni ghorofa za juu zilikuwa wazi, hazina kuta, ili wageni wake wasimame huko juu waone kulungu wakiwindwa, na mwenye upinde apige kutoka hukohuko. Mwaka wa 1589 binti yake, Malkia Elizabeth wa Kwanza, aliikarabati, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Sasa ni makumbusho. Watu wanapanda ndege kwenda kuiona.

Nyumba za aina hiyo zinajengwaje? Kwanza mifupa: nguzo na boriti za mti wa mwaloni. Ncha ya boriti inachongwa kama ulimi, inaingizwa kwenye tundu la nguzo, halafu inafungwa kwa kijiti cha mbao. Kati ya nguzo na nguzo wanasuka fito. Juu ya fito wanakandika udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe na nyasi kavu. Wakimaliza, chokaa.

Rudia hiyo polepole. Nguzo. Fito. Udongo. Mavi ya ng'ombe.

Sasa njoo Kola, Machakos, kwa susu yangu. Nguzo, fito, udongo, mavi ya ng'ombe. Tofauti ni kwamba yetu hatujaiwekea mlango wa tiketi.

Na usidhani loji za mbao ni mambo ya Ulaya pekee. Treetops, kule Nyeri, ilifunguliwa mwaka wa 1932 ikiwa na vyumba viwili tu juu ya mti wa mugumo. Wazo lilikuwa lilelile la Henry: panda juu, tulia, angalia wanyama. Binti mfalme Elizabeth alilala hapo usiku wa Februari 5, 1952, baba yake akafariki usiku huohuo, akashuka mtini akiwa malkia. Mwaka wa 1954, wakati wa vita vya Mau Mau, ikachomwa. Ikajengwa upya mwaka wa 1957, kubwa zaidi, juu ya nguzo. Kila mtu anakumbuka nani alilala pale. Nani alipasua zile mbao? Hakuna anayeuliza.

Hapo ndipo inaniuma. Jengo linaitwa la kihistoria kwa sababu ya mgeni aliyelala ndani. Wale waliojua kuchagua mti na kufunga fito hawahesabiwi.

Lakini tusidanganyane, kuna swali la maana hapa. Kwa nini ile ya Chingford inakaribia miaka 500 na ya susu inayumba baada ya 30? Jibu liko miguuni. Wajenzi wa Uingereza waliacha kuchimbia nguzo ardhini. Wakajenga msingi mfupi wa mawe au matofali, wakalaza boriti juu yake, nguzo zikasimama juu ya hiyo boriti. Maji hayafiki, mbao hazilowi. Sisi tunachimbia nguzo moja kwa moja kwenye udongo, mchwa wanakaribishwa mezani. Na kila nguzo yao ikioza, fundi anakata sehemu mbovu na kuunga mpya. Sisi ikiinama tunasema imezeeka, tunaangusha.

Nyumbani wamepanga kuangusha Desemba hii, watu wote wakiwa wamerudi. Baba na ndugu zake wanataka nyumba ya mawe na mabati ya rangi. Na kusema ukweli, susu mwenyewe anaitaka. Nilipomwambia nyumba yake ni ya thamani aliniangalia akaniambia, "Njoo basi ukandike wewe." Ana haki. Ni yeye amekuwa akichota maji na kukanda udongo kila mwaka kabla ya mvua za Novemba, si mimi. Hakuna mtu anafaa kuishi na funza na paa linalovuja ili mjukuu apate video.

Kwa hivyo ajengewe ya mawe. Ninachoomba ni ile ya zamani isiguswe. Mawe Kola hayakosekani, tunayaondoa shambani kila siku tukichimba matuta. Yaingie chini ya kuta. Nguzo zilizooza zitoke, iwekwe mukau, mti ambao mchwa wanauogopa. Paa lisogezwe mbele kidogo lifunike kuta. Iwe stoo, iwe jikoni, ilimradi isimame.

Wazee wanasema ni kupoteza pesa. Hatujamaliza hiyo hesabu, na Desemba inakuja.

Wewe ukienda ushago, kabla ya kuzima simu, muulize susu maswali matatu: nguzo hizi ni za mti gani, nani alizikata, na kwa nini mlango unaangalia huko. Mrekodi akijibu. Nyumba inaweza kujengwa tena. Akienda na majibu, hatutajua pa kuanzia.