Kutoka Nyakato hadi uwanja wa ndege: ulinzi unaoanzia nje ya uzio

Anayetoka Nyakato kwenda kupanda ndege ana njia mbili. Ya kwanza inashuka Buzuruga na Mabatini, inaingia mjini, inapita Kirumba na Pasiansi, kisha inaelekea kaskazini hadi uwanjani. Ya pili, ambayo sisi tunaipendelea tunapowasindikiza mahujaji, inakata Buswelu na Kiseke na kutokea Sabasaba, bila kugusa foleni za mjini. Mwisho wa njia zote mbili ni uleule: upepo wa ziwa unaanza kusikika, na mbele yako unatokea uzio wa Uwanja wa Ndege wa Mwanza. Daladala za Igombe hupita karibu yake kutwa kucha, zimebeba wanafunzi, akina mama wa sokoni na ndoo za dagaa. Wengi wa abiria wake hawajapata kuingia ndani ya uzio huo, wala hawatarajii. Hata hivyo nitaeleza kwa nini watu hao ni walinzi wa ndege pengine kuliko mashine zote zilizofungwa mlangoni.

Vijana wetu huudhika wanapoambiwa wavue mkanda na kuweka simu kwenye sinia. Wazee wetu hukumbuka zaidi. Ijumaa ya tarehe 26 Februari 1982, ndege ya Air Tanzania aina ya Boeing 737 iliondoka hapa Mwanza kuelekea Dar es Salaam, safari ya kawaida ya ndani ya nchi. Dar es Salaam haikufika. Vijana wenye silaha waliiteka ikiwa angani, wakamlazimisha rubani aelekee Nairobi. Ndege ya aina ile haikuweza kufika Ulaya kwa mafuta ya kujaza mara moja, kwa hiyo ikawa safari ya vituo: kutoka Nairobi hadi Jeddah, kutoka Jeddah hadi Athens, na hatimaye uwanja wa Stansted, nje ya London. Watekaji walitaka Rais Nyerere ajiuzulu. Oscar Kambona, waziri wa zamani aliyekuwa akiishi uhamishoni Uingereza, alishirikishwa katika mazungumzo. Baada ya kiasi cha siku nzima uwanjani hapo, watekaji walijisalimisha, abiria wakateremka wakiwa hai, na mahakama ya Uingereza ikawahukumu watekaji vifungo.

Naomba msomaji asimame kidogo hapo Jeddah. Kwa Muislamu wa Kanda ya Ziwa, Jeddah ni jina la furaha. Ni mahali mtu anapokanyaga baada ya kudunduliza kwa miaka mingi, akiwa na ihramu yake, ulimi wake ukiwa katika talbiya. Abiria wale wa Mwanza waliifikia Jeddah siku ya utekaji wakiwa wameelekezewa silaha. Sijui taswira nyingine inayoonyesha vizuri zaidi kwa nini wanazuoni wetu walilitazama jambo hili kwa uzito. Katika fiqhi, kosa la kuwakatia wasafiri njia na kuwatisha lina mlango wake maalumu, yaani hiraba, na mlango huo uliandikwa karne nyingi kabla mwanadamu hajapanda ndege. Mkata njia hawi mkata njia kwa sababu tu njia ni ya mchanga. Mwaka 1988 Baraza la Wanazuoni Wakuu la Saudi Arabia lilitoa uamuzi uliotaja waziwazi ulipuaji na utekaji wa ndege, na kuuhesabu kuwa ni ufisadi katika ardhi. Kwa hiyo anayesema kwamba ulinzi wa ndege ni jambo la wakubwa wa Magharibi, lisilotuhusu sisi, hajafungua vitabu vyake mwenyewe.

Turudi kwenye ndege yenyewe. Air Tanzania ilianzishwa mwaka 1977, baada ya kuvunjika kwa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, na siku ile ya Februari ilikuwa na Boeing 737 mbili tu. Ndege moja ilipokwama Stansted, nusu ya uwezo wake wa ndege za aina hiyo ilikuwa imeshikiliwa. Fikiri mgonjwa aliyekuwa akisubiri kupelekwa Muhimbili, au mtumishi aliyekuwa amepangiwa safari. Mtu anapoishambulia ndege huwadhuru waliomo ndani, na pia maelfu wasiojua hata jina lake. Ndege ile ilirejea nyumbani na ikaendelea kufanya kazi kwa miaka mingi. Imani ya abiria ndiyo huchukua muda. Ndege hukaguliwa na mafundi, ikatiwa sahihi, ikaruka. Moyo wa mama anayemwaga mwanawe hauna fundi wa kuutilia sahihi.

Dunia haikuwa imelala kabla ya hapo. Mkataba wa The Hague wa mwaka 1970 uliyataka mataifa yawashtaki au kuwarudisha watekaji, na mwaka 1974 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilipitisha kanuni za ulinzi zinazofahamika kama Kiambatisho cha 17. Lakini miaka ile, katika nchi nyingi, safari za ndani zilitazamwa kama safari za basi, na jicho kali liliwekwa kwa wanaokwenda nje. Utekaji wa Mwanza ulionyesha udhaifu wa hesabu hiyo: ndege iliyoondoka kwa safari ya ndani ilimaliza safari yake Ulaya. Leo abiria wa Dar es Salaam anayeondokea hapa hupitisha mzigo wake kwenye mashine, naye mwenyewe hupita kwenye lango la ukaguzi, na anayelalamika kwamba anakwenda Dar tu hana hoja.

Hata hivyo mlango hautoshi, na ushahidi wa hilo uko Mombasa. Asubuhi ya tarehe 28 Novemba 2002, tukiwa katika kumi la mwisho la Ramadhani, watu waliifyatulia ndege ya shirika la Arkia makombora mawili ilipokuwa ikiruka kutoka Uwanja wa Moi kuelekea Tel Aviv. Ilikuwa na watu 271. Makombora yalikosa, na ndege ikafika salama. Muda uleule, huko Kikambala, gari lililojaa milipuko lililipuliwa katika hoteli ya Paradise. Watu 13 waliuawa, mbali na washambuliaji wenyewe: Wakenya 10 na Waisraeli 3, wawili kati yao watoto. Miongoni mwa Wakenya hao walikuwamo wacheza ngoma waliokuja kuwapokea wageni, watu waliotoka nyumbani alfajiri kutafuta riziki. Wapo waliothubutu kulihusisha tendo hilo na dini yetu, tena katika mwezi ambao sisi hujizuia hata na neno chafu.

Makombora yale yalifyatuliwa kutoka nje ya uzio, upande wa Changamwe. Kila abiria wa ndege ile angeweza kukaguliwa mara kumi, hadi soksi, na isingesaidia. Kombora la begani la aina ile hubebwa na mtu mmoja na hufika umbali wa kilomita chache. Kwa hiyo eneo linalopaswa kulindwa ni mashamba, vichaka, vichochoro na nyumba za kupanga zilizo chini ya njia ya ndege, mahali ambapo askari hawezi kukaa kila saa lakini jirani yuko kila siku.

Na bei ya kushindwa kulilinda eneo hilo ililipwa miezi iliyofuata. Tarehe 15 Mei 2003, serikali ya Uingereza ilisimamisha safari za mashirika yake ya ndege kwenda Kenya kwa hofu ya shambulio jingine, na zuio lilidumu hadi mwishoni mwa Juni. Hebu tazama tofauti: makombora yalikosa, hakuna abiria aliyekwaruzwa, lakini hofu peke yake ilitosha kukausha hoteli za pwani na kuwarudisha makwao wapishi, madereva na wauza vinyago, wengi wao Waislamu. Ili safari zirejee, haikutosha Kenya kuonyesha mashine mpya za kukagulia mizigo. Ilipaswa kuonyesha kwamba ardhi inayouzunguka uwanja ina wenyewe.

Hapa ndipo ninapotaka kusema jambo ambalo baadhi ya ndugu zangu hawatalipenda, na baadhi ya maofisa hawatalipenda pia.

Jirani hulinda pale anapojiona ni mwenyeji, na huacha kulinda pale anapotazamwa kama mtuhumiwa. Tanzania ilipitisha Sheria ya Kuzuia Ugaidi mwaka 2002, na Waislamu wengi waliipinga kwa kuhofia kwamba itawaangukia wao. Kenya nayo ilileta muswada wake mwaka 2003, ukapingwa vikali hasa pwani, na haikupata sheria ya namna hiyo hadi mwaka 2012. Hofu ile haikuzuka hewani. Kijana wa jamaa yetu, fundi wa umeme asiyejua siasa yoyote, aliwahi kutolewa kwenye mstari katika uwanja mmoja wa nje, akaulizwa maswali kwa saa tatu kuhusu ndevu zake na jina la babu yake, hadi ndege ya kuunganisha ikamwacha. Hakupigwa wala hakutukanwa. Lakini aliporudi aliniambia maneno mazito: kwamba siku akiona kitu cha kutilia shaka, atanyamaza, kwa sababu atakayekuwa wa kwanza kuulizwa ni yeye.

Hilo ndilo pengo katika uzio. Mkaguzi anayemchagua mtu kwa kanzu yake anadhani anaongeza ulinzi, kumbe anampunguzia macho mia moja yaliyoko nje ya uwanja. Waliofyatua makombora Mombasa wangeweza kuvaa suti. Ukaguzi wa haki ni ule unaompitisha padri, sheikh, mbunge na mvuvi katika lango moja. Na mwanamke aliyevaa nikabu akaguliwe na mwanamke mwenzake, mahali pa faragha. Ana haki ya kuliomba hilo kwa upole, na mkaguzi anayejua kazi yake hataona tabu.

Kwa upande wetu sisi, wajibu haupungui kwa sababu tumedhulumiwa. Pale Igombe na Kayenze, wavuvi wanajua kila mtumbwi na mwenye nao. Mgeni anayekodi chumba jirani na uwanja, halali usiku, hapokei salamu na anazipima ndege kwa macho, hatagunduliwa na kamera. Atagunduliwa na mama muuza vitumbua. Maimamu wa misikiti iliyo upande ule wana nafasi ya kulisema hili mimbarini bila kumtia mtu hofu, na serikali za mitaa zina nafasi ya kuwasikiliza bila kuandika majina ya waliosema. Niongeze kwamba uwanja wetu umezoea wageni: katika miaka ya tisini ndege kubwa za mizigo kutoka Urusi na Ukraine zilikuwa zikitua hapa kuchukua minofu ya sangara, na wakazi walizijua kwa ngurumo zake kabla hazijaonekana. Watu wenye masikio kama hayo hawahitaji semina ndefu.

Nimalizie na mizigo, kwa kuwa msimu wa Umra uko jirani na maswali ni mengi.

Linalowaumiza zaidi wazee wetu ni maji ya zamzam. Bibi mmoja wa mtaani kwetu alinyang'anywa chupa yake katika uwanja wa kubadilishia ndege, akalia kama aliyefiwa. Alikuwa amemwekea mjukuu mgonjwa. Chanzo cha kanuni hii ni Agosti 2006, polisi wa Uingereza walipogundua njama ya kulipua ndege zilizokuwa zikielekea Marekani kwa milipuko ya majimaji iliyofichwa katika chupa za vinywaji. Tangu hapo, katika viwanja vingi, kimiminika cha mkononi hakiruhusiwi kuzidi mililita 100 kwa chombo kimoja. Mashine haijui tofauti ya zamzam na kitu kingine, na mkaguzi hana ruhusa ya kuamini machozi. Dawa yake ni rahisi: zamzam inunuliwe ikiwa imefungwa rasmi uwanjani Jeddah au Madina, ikabidhiwe kwa shirika la ndege kama mzigo wa chini, kwa masharti ya shirika husika. Asali, mafuta ya karafuu na siki zifuate njia hiyohiyo. Visu vya kuchinjia, hata vile vya urithi, visikaribie begi la mkononi.

Na mzaha. Kuna watu wazima ambao, wakiulizwa begini mna nini, hujibu kwa utani kwamba mna bomu. Sheria haina ucheshi katika neno hilo. Ndege inaweza kusimamishwa na mtani akalala rumande. Sisi tuna sababu iliyotangulia sheria: Mtume (SAW) aliwakataza Maswahaba kumshtua mwenzao kwa mzaha walipokuwa pamoja safarini. Ndani ya ndege wamo watoto, wamo wajawazito, na yumo yule anayepanda kwa mara ya kwanza akiwa ameshika tasbihi kwa mikono miwili.

Kundi letu la Nyakato litakutana Jumamosi baada ya Alasiri, uwani mwa msikiti. Kila familia ije na mabegi yakiwa wazi na orodha ya dawa za wazee. Mizani itakuwapo, na akina mama wawili wamejitolea kuwaonyesha wenzao namna ukaguzi unavyofanyika, ili siku ya safari asiwepo wa kushtuka anapoambiwa anyooshe mikono.