Yaya, Kisanduku Hicho Sikitumi

Louisville, Kentucky

Yaya,

Odio yako imefika. Nimeisikiliza jikoni, nikaisikiliza tena ndani ya gari nikienda kazini, nihakikishe kwamba kweli unaniomba ninachodhani unaniomba: nimtumie Mjomba ile mashine ya Mama Mkubwa, inayoulizwa kwa mdomo ikajibu kwa mdomo, kwa kuwa macho yake yamekwisha na simu hawezi tena kuisoma.

Sikitumi. Nakwambia mapema usije ukampa mzee tumaini la bure huku ukingoja nimalize maneno. Lakini najua ni nani aliyekusimulia habari za kisanduku hicho, na najua anavyosimulia, kwa hiyo acha nikueleze kilivyo.

Ni kitu kidogo cha duara, kinaenea kiganjani, kimekaa kwenye meza ndogo karibu na kitanda chake, na waya wake uko ukutani saa zote. Ndani mna maikrofoni, spika na akili kidogo ya kulitambua jina lake. Akili kubwa haimo. Ukiliita jina lake taa inawaka, maneno yako yanapelekwa kwa intaneti hadi kwenye kompyuta za kampuni, yanachambuliwa huko, na jibu linarudi hapo hapo. Apple iliweka Siri ndani ya simu zake mwaka 2011, na mwaka 2014 Amazon ikatoa Echo, kifaa cha kukaa nyumbani. Siku hizi watoto wa hapa huwanunulia wazazi wao vitu vya namna hii, maana wazee wengi wa Marekani wanaishi peke yao, na mtoto aliye mji mwingine anataka pawe na mtu, au basi hata kitu, cha kumkumbusha mama yake dawa.

Mama Mkubwa haishi peke yake, lakini mchana yuko peke yake. Mimi nimelala kwa ajili ya zamu ya usiku kwenye ghala la vifurushi, mke wangu yuko kazini, watoto wako shule. Na huyu ni mtu aliyetoka Kabambare, huko kwenu Kongo, kwa miguu hadi Fizi, akavuka ziwa hadi Kigoma, akakaa miaka katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mahali ambapo ukikohoa majirani watano wanakupa pole. Hapa jirani yetu ni mtu mwema kabisa, anapunga mkono, anaingia garini. Theluji ikianguka hata huyo humwoni. Binti yetu mkubwa ndiye aliyekileta kisanduku, akamfundisha bibi yake kukitumia, na tangu siku hiyo mimi siamshwi tena saa tano asubuhi kuulizwa kama mvua itanyesha.

Sitakidharau. Kinamkumbusha dawa ya tansiyo, yaani presha, asubuhi na jioni. Kinamwashia taa usiku akitaka kuamka, na kwa mtu ambaye magoti yake unayajua hilo si jambo dogo. Lakini kazi ninayokishukuria zaidi ni adhana. Huko kwenu jua linazama kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na nusu jioni, Januari hadi Desemba, na mtu aliyezeeka Kabambare magharibi anaijua bila saa wala muadhini. Louisville si hivyo. Mwezi Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na mbili kasorobo. Mwezi Juni linazama saa tatu usiku na dakika zaidi. Mwaka wake wa kwanza hapa, Mama Mkubwa alikuwa anakaa dirishani wakati wa kiangazi, amekwisha kutawadha, anaulizia kama jua la nchi hii lina mwenyewe. Ilikuwa lazima mmoja wetu amsomee ratiba kwenye simu kila siku. Sasa kisanduku kinaadhini chenyewe, wakati wake hasa, na yeye anainuka bila kumuuliza mtu. Heshima ya mzee kutoomba kila kitu kwa watoto, naamini unaielewa.

Na kuna jambo moja ambalo hakuna kampuni iliyolikusudia. Mama Mkubwa Kiingereza chake ni kile cha darasa la wageni: salamu, jina, na namba kutoka moja hadi kumi na mbili. Akiamka anakiuliza kisanduku saa, kinamjibu «seveni». Nilimweleza ageuze kama tunavyogeuza sote: seveni ya asubuhi kwetu ni saa moja. Akanitazama kwa huruma. Akasema hiyo si saa ya hapa, ni saa ya Kabambare. Ameuliza, amejibiwa, Mjomba amekwisha kuswali adhuhuri, sasa ndiyo wakati wa kumtumia odio.

Nilidhani anatania, kisha nikahesabu. Kuanzia Machi hadi mwanzo wa Novemba, Louisville iko nyuma ya Kabambare kwa saa sita. Na sisi Waswahili tunaanza kuhesabu mchana saa sita baada ya Wazungu. Hizo sita mbili zinafutana. Kisanduku kikisema seveni asubuhi hapa, kwenu ni saa saba mchana, namba ile ile. Kikisema thrii ya alasiri, yaani tatu ya Waingereza, huko kwenu ni saa tatu usiku. Mama Mkubwa aliligundua hilo bila karatasi wala kalamu. Shida inakuja Novemba, Wamarekani wanaporudisha saa zao nyuma na tofauti ikawa saba: seveni yake sasa inaangukia saa nane yenu, odio zinachelewa, na yeye anakitangaza kisanduku kuwa kimeanza kusema uongo. Msamaha wake hutoka Machi.

Sasa nije kwenye sababu za kutokituma. Mashine haisikii lugha yetu. Inajua Kiingereza, Kihispania, Kifaransa na nyingine kadhaa, Kiswahili hakimo. Kwa hiyo kila amri anayoitoa Mama Mkubwa ameikariri, sauti kwa sauti, kama mtoto wa madrasa anavyokariri sura kabla hajaijua maana yake. Na akiitamka kwa kinywa chetu, kinachotaka kila neno liishe kwa irabu, taa haiwaki. Anarudia. Anapaza sauti kana kwamba anaita mtu wa ng'ambo ya mto Luama. Kimya. Mjukuu wa miaka tisa anapita koridoni na mkate mkononi, anatamka maneno yale yale mara moja puani, na taa inawaka. «Huyu hanisikie,» ananiambia, «anasikia batoto tu.» Yaya, huyu ndiye mama aliyekuwa akisuluhisha ugomvi wa wanawake kambini, ambaye akinyanyuka kuzungumza watu wananyamaza. Leo anajifunza kupinda ulimi ili awashe taa.

Nilimwambia kasoro haiko kinywani mwake, na nilikuwa na ushahidi. Mwaka 2020 Allison Koenecke wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walichapisha utafiti kuhusu mitambo ya kutambua usemi ya Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft. Kwa Wamarekani weupe, mitambo hiyo ilikosea kwa wastani maneno 19 katika kila 100. Kwa Wamarekani weusi, 35. Hao ni watu waliozaliwa hapa, Kiingereza ndicho walichonyonya. Mashine husikia vizuri sauti za watu waliotumiwa kuifundisha, na hadi hapo weusi walikuwa wamesikilizwa kidogo. Ikiwa bibi wa Kentucky hasikiki, bibi wa Kabambare atasikika vipi?

Utaniambia Kiswahili nacho kinafundishwa. Ni kweli. Google ilianza kupokea Kiswahili cha kuzungumza kwenye simu mwaka 2017, ukaweza kusema badala ya kuandika. Mwaka 2021 Mozilla ilitangaza dolari milioni 3.4 za kukuza Kiswahili katika mradi wake wa Common Voice, ambamo watu wa kawaida wanasoma sentensi na kutoa sauti zao ili mashine zijifunzie. Kazi njema. Lakini hata wanaopanga lugha za dunia wametupa alama yetu: katika orodha ya kimataifa Kiswahili cha pwani ni swh na cha Kongo ni swc, na unajua mwenyewe ni kipi kati ya hivyo viwili kinachosomwa redioni Dar es Salaam. Nilimfungulia Mama Mkubwa programu moja ya simu inayojidai kuelewa Kiswahili. Alianza kwa salamu, akaingia kwenye habari za shamba, akachanganya Kibangubangu kidogo kama tunavyochanganya sote. Programu iliandika salamu sawasawa. Yaliyofuata yalikuwa ya mtu mwingine.

Hapa wazo moja linanijia kila mara, nawe utalipenda kwa kuwa linahusu kijiji chako. Yule msafiri Mzungu, Livingstone, alikaa hapo kwenu tangu Julai 1870 hadi Februari 1871, miguu yake imejaa vidonda, karatasi na wino vimemwishia. Mahali hapo yeye alipaita Bambarre. Kabla ya kuondoka alimwandikia rafiki yake Horace Waller barua kwenye karatasi alizookoteza, na baada ya miaka wino ukafifia hadi barua ikawa haisomeki. Mwaka 2010 wataalamu waliipiga picha kwa mianga ya rangi nyingi, maneno yakaonekana tena moja moja. Fedha na akili zilipatikana ili mgeni aliyelalamika Kabambare karibu miaka 140 kabla ya hapo asikike. Sina kinyongo na Livingstone. Naandika tu kwamba inawezekana, wakitaka.

Sababu ya pili ni masikio. Mwaka 2019 magazeti yalifichua kwamba kuna wafanyakazi wa kampuni wanaosikiliza baadhi ya maneno ya watu yaliyonaswa majumbani, ili kuisahihisha mashine. Mwaka 2023 serikali ya Marekani iliishtaki Amazon kwa kuhifadhi sauti za watoto, na kampuni ikakubali kulipa dolari milioni 25. Nilipomweleza Mama Mkubwa alicheka: «Basikilize. Batajua Kibangubangu.» Mimi sicheki sana. Wakati wa kikao cha mahari ya binti wa Dada tulikibonyeza kile kitufe kinachoziba maikrofoni, taa nyekundu ikawaka, ndipo wazee wakaanza kutaja namba.

Sababu ya tatu huhitaji mtu wa Marekani akueleze. Kitu hiki bila umeme wa mchana na usiku na bila intaneti isiyokatika hakijui hata saa ngapi. Wewe mwenyewe odio zako huzituma ukiwa umepanda pale juu rezo ya simu inapopatikana, na zinanifikia tatu kwa pamoja baada ya siku ya kimya. Mjomba atakiita, hakitamjibu, na atafikiri ni uziwi wake.

Kisha jiulize Mjomba anataka kusikia nini. Hali ya hewa ya Kabambare anaijua kwa ngozi. Adhana anaisikia msikitini. Anachokikosa tangu macho yalipokwisha ni habari za dada yake, na hizo zipo. Tangu 2013 WhatsApp inabeba sauti za watu, na kwa wazee wetu nadhani hakuna chombo kilichowafaa kuliko hicho: hakiwaulizi shule wala hakisahihishi matamshi yao. Mama Mkubwa akishika simu kurekodi haniiti. Anaanza na marehemu, anawasalimia walio hai kwa mpangilio wa kuzaliwa, anashtaki, anacheka, anaimba kidogo, anarudi alipoachia. Mke wangu anasema kumkatisha ni sawa na kumkatisha khatibu.

Kwa hiyo nitakachotuma ni hiki: redio ndogo yenye paneli ya jua mgongoni na vitufe vikubwa ambavyo kidole kinavijua bila macho, na kadi ya kumbukumbu. Kwenye kadi nimekopi odio za Mama Mkubwa nilizozihifadhi, za zamani zikitangulia, na nyuma yake juzuu ya Amma kwa kisomo cha taratibu. Mtu wetu wa Kasongo anasafiri kwenda Lubumbashi mwezi ujao, na kutoka huko ataibeba hadi Kasongo. Kutoka Kasongo utafute mwenye pikipiki unayemwamini, nami nitalipa. Odio mpya zikifika kwenye simu yako, mwanao azihamishie kwenye kadi kila Ijumaa. Asizipunguze. Najua vijana hukata salamu ili kuokoa nafasi, na salamu ndizo Mjomba anazozingoja.

Mama Mkubwa alikuuliza kama mihogo ya bondeni imeng'olewa, na kama yule binti wa jirani amejifungua. Hujamjibu. Umjibu kwa odio. Ukimwandikia atakuja kuniamsha nimsomee.