Mshika Usukani na Ndugu Zake

Hapa Miyuji hatuzikani bila wasifu wa marehemu kusomwa. Mwanafamilia husimama karibu na jeneza, karatasi mkononi, na sote tunasikiliza: alizaliwa, alibatizwa, alisoma, alioa, alifanya kazi, aliugua, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Kama alikuwa askari, tunaambiwa alijiunga na jeshi lini na alistaafu lini. Yote ni kweli, na tunamshukuru Mungu kwa hayo. Hata hivyo, tukirudi kutoka makaburini huwa tunajiuliza: imekuwaje jirani tuliyeishi naye miaka mingi hana, kwenye karatasi ile, hata siku moja aliyohitaji kusamehewa?

Swali hilo linatukumbusha maisha ya mtu aliyeitwa Uledi. Alikuwa mmoja wa watu wa Unguja waliosafiri na Henry Morton Stanley, na habari zake zimo katika kitabu cha safari ambacho Stanley alikitoa mwaka 1878. Msafara ule uliondoka Bagamoyo Novemba 1874, ukiwa na watu 356. Desemba ya mwaka huo ulipita Ugogo, katika nchi yetu hii, wakati wa mvua kubwa na njaa. Mashua yao, Lady Alice, ilipita hapa vipandevipande mabegani mwa wapagazi. Baadaye, katika mto Kongo, Uledi ndiye aliyeishika usukani.

Watu kama yeye walikuwa mabaharia, wapagazi na askari kwa wakati mmoja. Mchana waliongoza mitumbwi, na vita ilipozuka walishika bunduki. Tusisahau kwamba upande wa pili wa bunduki hizo walikuwapo watu waliokuwa wakitetea kwao. Uledi hakuwa mtu wa kanisa, wala hatumtaji hapa kama mtakatifu. Tunamtaja kwa sababu habari zake zimeandikwa bila kukatwa.

Kwanza, alikuwa jasiri. Januari 1877, kwenye maporomoko ya Kongo, mwenzao aitwaye Zaidi alikwama juu ya mwamba katikati ya maji yanayonguruma. Uledi na Marzouk waliingia katika mtumbwi uliofungwa kwa kamba kwenda kumwokoa. Kamba zikakatika. Wote watatu walilala usiku kucha juu ya mwamba, hadi wenzao walipowavuta siku ya pili. Stanley aliandika kwamba watu 13 waliokolewa na Uledi wasife maji.

Pili, aliujua mto na aliheshimu nguvu zake. Juni 1877 kijana Mwingereza, Frank Pocock, hakuweza kutembea kwa sababu ya vidonda miguuni, akataka wapite naye kwa maji kwenye maporomoko ya Massassa. Uledi alikwenda kuyatazama, akarudi akasema hapapitiki. Frank akawaambia ni waoga. Ndipo wakaenda. Mtumbwi ulipinduka, na Frank akafa maji. Uledi alijirusha kumfuata, naye nusura azame. Hapo tunaona jinsi mshika usukani anavyoweza kusema kweli, asisikilizwe, na bado akawafuata majini wale wasiomsikiliza.

Tatu, aliiba. Katika miezi ileile ya maporomoko, Uledi alikutwa na ushanga wa msafara. Ushanga ndio uliokuwa fedha yao ya kununulia chakula. Kuuiba wakati watu wanakufa njaa kulikuwa kuwapokonya wenzake chakula chao. Baraza likaitwa, na wakuu wa msafara wakaona anastahili kupigwa. Lakini ndugu yake Shumari alisimama, na binamu yake Saywa akasimama pia. Hawakusema kwamba Uledi hakuiba. Waliomba adhabu ya Uledi iwe juu yao. Stanley akamwachilia Uledi, na ndugu zake hawakupigwa.

Habari haikuishia hapo. Mapema Agosti 1877 msafara ulikuwa karibu na pwani, lakini nguvu ziliwaishia. Stanley aliandika barua ya kuomba chakula ipelekwe Boma kwa Wazungu waliokuwa wakifanya biashara huko. Uledi alijitolea kuwa mmoja wa wale walioipeleka, akiwa na njaa kama wengine, katika nchi asiyoijua. Barua ilifika, na chakula kikaja. Tarehe 9 Agosti msafara uliingia Boma. Waliobaki walikuwa 115 tu.

Wapendwa, mtu aliyeiba chakula cha wenzake ndiye huyohuyo aliyekwenda kuwatafutia chakula. Sasa tuuandike wasifu wake kwa mtindo wetu wa Miyuji. Tutaandika usukani, tutaandika watu 13, tutaandika barua. Ushanga tutauacha, kwa heshima ya familia. Lakini tukiuacha ushanga, Shumari na Saywa nao wanafutika, kwa maana hawana tena sababu ya kusimama. Tumeficha kosa la mmoja, na papo hapo tumefuta upendo wa wawili. Tena ile safari ya Boma inabaki kuwa kazi ya mtu hodari tu, wakati ilikuwa kazi ya mtu aliyesamehewa.

Tulimzika hapa mzee mmoja, askari mstaafu aliyepigana vita ya Kagera ya 1978 na 1979. Wasifu wake ulikuwa mzuri na mfupi. Lakini yeye mwenyewe alikuwa akiwasimulia vijana wetu, bila kuficha, kwamba alirudi vitani akawa mlevi, akakopa hadi akashindwa kulipa, na kwamba jirani yake aliuza mbuzi wake wawili kulimaliza deni lile. Alikuwa akisema kwamba mbuzi wale ndio waliomrudisha kanisani. Siku ya maziko jirani huyo alikaa nyuma kabisa, chini ya mti, na hakuna aliyemtaja.

Hatusemi kwamba aibu za marehemu zitangazwe makaburini. Mjane yupo pale, watoto wapo pale, na yako mambo ambayo ni ya marehemu na Mungu wake. Tunasema juu ya yale ambayo mtu mwenyewe ameyashuhudia mbele yetu kwa shukrani. Hayo akiyasema akiwa hai ni ushuhuda. Mbona akifa tunayafanya kuwa siri?

Kanisa la kwanza halikufanya hivyo. Petro alikuwa mtu wa mashua na mzee wa kanisa aliyeheshimiwa, na ingekuwa rahisi kuliacha lile la kumkana Bwana. Lakini Injili zote nne zimeliandika. Paulo naye, alipomwandikia Filemoni habari za Onesimo, hakusema hakuna deni. Alisema deni hilo atalilipa yeye. Na sisi sote tunaoitwa Wakristo tunaishi kwa sababu Mmoja alikubali kupigwa mahali petu. Tukijisimulia kama watu wasiowahi kukosa, tutamweka wapi Yeye?

Basi tunaomba jambo moja dogo kwa wale wanaoandika wasifu katika kanisa letu. Mkishamaliza kuandika alikozaliwa, kazi alizofanya na watoto aliowaacha, waulizeni ndugu swali moja zaidi: siku aliyoanguka, nani alisimama kwa ajili yake? Wakiridhia, liandikeni jina hilo. Na kama mtu huyo yu hai, msimruhusu akae nyuma.