Seattle, mji wa Mabaharia wasiofika bandarini

Ndugu msomaji, ikitokea umepata viza na bahati ikakutupa Seattle, kule kaskazini-magharibi ya Marekani, chukua ushauri wa bure: mwisho wa Septemba usimtanie shabiki wa besiboli. Ukimuuliza habari za asubuhi anakujibu "tutaona". Presha inapanda, presha inashuka, na mechi ya mtoano yenyewe bado haijaanza!

Timu yao inaitwa Mariners, yaani Mabaharia. Ilianza mwaka 1977. Ligi kuu ya besiboli ina timu 30, na hadi msimu wa 2025 unafungwa, timu 29 zilikuwa zimeshacheza fainali, ile wanayoiita World Series. Imebaki moja tu. Unaijua sasa.

Uwanja wenyewe uko kusini ya katikati ya mji, ubavuni mwa reli. Mechi imepamba moto, mara treni ya mizigo inapita na kupiga honi utadhani nayo imekata tiketi. Seattle ni mji wa manyunyu, kwa hiyo uwanja huo uliofunguliwa 1999 una paa linalotembea. Mvua ikianza, linasogea na kufunika kama mwavuli. Pembeni upepo unajipitia tu. Ukisikia njaa, tangu 2017 wanauza panzi wa kukaanga wenye chumvi, ndimu na pilipili. Watu wa Bukoba mpo? Si senene, lakini mtu aliyekulia huko hashangai.

Barabara ya pembeni imepewa jina la Edgar Martínez. Tarehe 8 Oktoba 1995, katika uwanja wa zamani, mechi na Yankees ya New York ilifika zamu ya 11, wakati kawaida ni zamu tisa. Edgar akaupiga mpira pembeni kabisa, na Ken Griffey Jr. akatimua mbio toka kituo cha kwanza mpaka nyumbani. Yankees nje! Mji ulirukwa na akili, na mwezi huohuo serikali ya jimbo ikapitisha mpango wa fedha za uwanja mpya.

Sasa njoo kwenye machungu. Mwaka 2001 Mabaharia walishinda mechi 116 kati ya 162, wakaifikia rekodi ya Chicago Cubs ya mwaka 1906. Ukadhani fainali wameshaishika mkononi. Wapi! Yankees wakawatoa. Baada ya hapo, misimu 20 mizima hawakugusa mtoano. Waliporudi 2022, Houston iliwafunga hapohapo nyumbani, 1-0, baada ya zamu 18 na zaidi ya saa sita za kukaa roho mkononi.

Nina jirani, mzee mmoja dereva wa basi mstaafu, anayeifuata timu hiyo tangu 1977. Alikuwa akienda uwanjani na kaka yake. Kaka akafariki bila kuiona fainali hata moja. Kofia yake ipo mpaka leo, imetundikwa kwenye msumari karibu na mlango. Mzee ameapa itavaliwa siku ya fainali tu.

Mwanzoni mwa Oktoba 2025 nilimkuta barazani kimya. Nikashangaa, maana Mabaharia walikuwa wametwaa ubingwa wa kundi lao kwa mara ya kwanza tangu 2001. Mdakaji wao, Cal Raleigh, alikuwa amepiga mipira 60 nje ya uzio. Sasa Mzee, mbona umenuna? Akanijibu kwamba kufungwa ameshazoea, hakumuumizi tena. Kinachomtisha ni kuanza kuamini. Mkewe, aliyekuwa akimenya viazi, akacheka na kusema mashine ya kupimia presha ameshaitoa kabatini.

Bwana, mashine ilifanya kazi! Detroit walitolewa kwa zamu 15. Ikaja Toronto, mechi saba, na ile ya saba ikapigwa Kanada tarehe 20 Oktoba. Seattle wanaongoza 3-1 zamu ya saba. Mara George Springer wa Toronto akaupeleka mpira nje ya uzio na kuingiza pointi tatu kwa mpigo. Mwisho 4-3. Kofia ikabaki msumarini.

Hapo ndipo nilipowaelewa watu wa mji huu. Kuna mashabiki wanaoogopa kufungwa; hawa wanaogopa matumaini, na bado kila mwaka wanayafungulia mlango na kuyakaribisha chai. Wiki moja tu baadaye nilimsikia Mzee akimuuliza mkewe tiketi za msimu mpya zitaanza kuuzwa lini. Basi nawe ukipita huko, mtu akikwambia "mwaka huu", tafadhali usicheke. Mwambie inshallah, kisha mnunulie panzi.