Mbwa wa kienyeji hashikiki? Anzisheni klabu ya michezo kijijini

Mara nyingi tunazungumza kuhusu chanjo ya kuku, kuhifadhi mahindi na kuogesha mifugo. Leo tuzungumze kuhusu mnyama ambaye namkuta karibu kila kaya ninayoitembelea, lakini ni nadra mtu kuniuliza habari zake: mbwa wa kienyeji.

Unamfahamu vizuri. Mwembamba, manyoya mafupi, rangi ya udongo au madoa, miguu myepesi. Usiku anamzuia fisi asiingie zizini, mchana anafukuza ngedere shambani, na dukani ndiye mlinzi asiyedai mshahara. Malipo yake ni ukoko wa ugali na mawe ya watoto. Tunamwita mbwa koko, mwizi, mkorofi. Mtu akipata fedha kidogo anaenda mjini kutafuta mbwa wa kizungu, eti ndiye mbwa mwenye akili.

Mimi ni afisa mifugo katika kata moja mkoani Dodoma. Tunapotangaza chanjo ya kichaa cha mbwa, tunaweka meza chini ya mti, dawa ipo kwenye barafu, tunasubiri. Wanaoletwa ni wachache. Nilipopita nyumba kwa nyumba kuuliza sababu, karibu kila kaya ilinipa jibu moja: "Mtaalamu, yule mbwa hashikiki." Mama mmoja aliniambia mbwa wake ana miaka minne na hajaguswa na mkono wa mtu tangu alipoacha kunyonya. Sasa mbwa wa namna hiyo utamfikishaje kwenye sindano?

Baadaye mtoto wa shule aling'atwa, na mkutano wa kijiji ukaitishwa. Wengi walitaka mbwa wote wanaozurura wauawe. Nilimwamkia mzee aliyekuwa anaongoza hoja hiyo, akaitikia, kisha akaniuliza, "Mwanangu, wewe ni mtaalamu. Tukiwaua wote, ugonjwa si utaisha?"

Nilimjibu, na wewe nakujibu hivyo hivyo: hapana, mzee wangu. Ukiua mbwa leo, mwenye zizi atatafuta mtoto wa mbwa kesho kwa sababu fisi bado wapo. Huyo mpya hana chanjo, na waliochanjwa mmewaua pamoja na wengine. Shirika la Afya Duniani linashauri kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo. Yaani kijiji chenye mbwa 100, wakichanjwa 70, ugonjwa unakosa njia ya kupita kutoka mbwa mmoja hadi mwingine. Chanjo ndiyo inayolinda, na ili mbwa achanjwe lazima kwanza akubali kushikwa.

Hapo ndipo lilipotoka wazo la klabu. Ukiwaita watu Jumamosi waje kujifunza kumfunga mbwa kamba, utakaa peke yako. Ukiwaambia njooni tuone mbwa wa nani anakimbia zaidi, watakuja, na vijana watakuwa wa kwanza. Kumbe ili mbwa aingie kwenye mashindano, lazima azoee kamba, mkono wa mtu na kelele za watu. Mwenye mbwa anadhani anafanya mazoezi ya mbio, na wakati huo huo mbwa anazoea kushikwa.

Usidhani mbwa wetu hana kipaji. Huko Kongo kuna mbwa wa vijijini ambao Wazungu waliwachukua na kuwapa jina la Basenji. Waliopelekwa Uingereza mwaka 1895 walikufa kwa ugonjwa. Wengine wakapelekwa baadaye, na mwaka 1937 wakaonyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya mbwa ya Crufts, London. Leo huko Marekani na Ulaya watu wananunua Basenji kwa fedha nyingi, na mmoja wa michezo yao ni kukimbiza kitambaa kinachovutwa kwa kamba uwanjani. Ni mbwa wa porini na kijijini kama hawa wetu, ila yule amepata mtu wa kumfundisha.

Kama na wewe unataka kuanzisha klabu, fuata hatua hizi.

1. Anza na uongozi na majirani. Pata ridhaa ya mwenyekiti wa kijiji na mtendaji. Chagua uwanja ulio mbali na kisima, shule na nyumba za ibada. Waislamu wengi hawapendi kuguswa na mate ya mbwa, kwa hiyo waheshimuni: msipitishe mbwa karibu na msikiti, na msiweke ratiba wakati wa swala. Kwetu jirani mmoja Mwislamu hafugi mbwa, lakini ndiye anayetunza daftari la klabu, kwa sababu mbuzi wake pia wanalindwa.

2. Anzeni na wachache. Sisi tulianza na mbwa saba. Wiki tatu za kwanza hakuna mashindano. Kila mbwa abaki na mtu wake, na kati ya mbwa na mbwa ziwepo hatua kumi au zaidi. Jike aliye kwenye joto abaki nyumbani, la sivyo madume yatapigana.

3. Tengeneza ukanda wa shingo. Usitumie waya wala kamba nyembamba, inakata ngozi. Tumia kitambaa kigumu au kamba ya katani iliyosukwa iwe pana. Funga fundo lisilojikaza, na vidole viwili vipite kati ya ukanda na shingo. Mwache auvae nyumbani siku mbili tatu kabla ya kuufunga kamba.

4. Fundisha kwa chakula, si kwa fimbo. Dagaa wachache mfukoni wanatosha. Mbwa akisogea, mpe. Akikubali kuguswa begani, mpe. Akikubali kushikwa mguu na kufunguliwa mdomo, mpe. Dakika kumi asubuhi na kumi jioni, basi. Mbwa aliyezoea kupigwa mawe atakuchukua siku nyingi, usimkimbize. Ukiomba utumbo kwa mchinjaji, uchemshe vizuri kwanza. Mbwa anayekula maini na mapafu mabichi yenye malengelenge ya maji anapata minyoo inayoweza kumrudia binadamu.

5. Michezo minne inatosha. Wa kwanza ni kuitwa: mbwa anashikwa na mtu mwingine, mwenyewe anasimama mbali na kumwita. Wa pili ni kutembea na kamba bila kuvuta, kupita katikati ya watu. Wa tatu ni kutulia: mwenye mbwa anamgusa masikio, miguu na mgongo, mbwa asiporuka anapata alama. Huu ndio mchezo ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu ndivyo mbwa anavyotakiwa kutulia siku ya sindano. Wa nne ni mbio za kitambaa.

Kwa mbio hizo tunatumia baiskeli mbovu. Igeuze isimame kwa usukani na kiti, toa tairi na tyubu ya nyuma ili rimu ibaki na mfereji wake. Funga kamba nyembamba ya nailoni kwenye rimu, ipeleke mita 80 uwanjani, mwishoni funga kitambaa cheupe. Kijana mmoja akizungusha pedali, kamba inajikunja kwenye rimu na kitambaa kinakimbia. Acheni kuzungusha kitambaa kikiwa bado hatua kumi na tano kutoka kwenye baiskeli, ili mbwa asije akajigonga. Mtu yeyote asisimame juu ya kamba, inachoma. Akimbie mbwa mmoja mmoja, na muda upimwe kwa simu. Mbwa ambaye hajatimiza mwaka mmoja asikimbizwe mbio ndefu.

6. Angalia jua. Mbwa hatoi jasho kama sisi, anapoza mwili kwa kuhema. Fanyeni michezo asubuhi mapema au jioni, na ndoo ya maji iwepo. Mbwa akihema kupita kiasi, akayumba au akatapika, mpelekeni kivulini na kummwagia maji ya kawaida.

7. Sheria za klabu ziandikwe. Zetu ni fupi. Hakuna kadi ya chanjo, hakuna kuingia uwanjani. Hakuna kupiganisha mbwa, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili huo. Hakuna kamari. Hakuna kuwapeleka mbwa wa klabu kuwinda wanyamapori bila kibali, maana hilo ni kosa la jinai. Anayevunja anatoka, hata kama mbwa wake ndiye bingwa.

Sasa utauliza, faida iko wapi? Nikupe mfano. Mbwa mmoja wa klabu alimng'ata mpita njia aliyeingia uani usiku bila kupiga hodi. Zamani mbwa angeuawa usiku ule ule, na hakuna ambaye angejua kama alikuwa mgonjwa. Safari hii mwenye mbwa alijulikana, kadi ilikuwepo, na mbwa alifungwa kamba siku kumi nikimwangalia. Mbwa aliyekuwa na virusi vya kichaa kwenye mate siku alipong'ata, huonyesha dalili au hufa ndani ya siku hizo kumi. Huyu alikula na kunywa kama kawaida hadi mwisho. Mtu aliyeng'atwa hakusubiri siku hizo ziishe. Aliosha jeraha mara moja na kupelekwa hospitali, akaanza chanjo.

Hilo la mwisho naomba ulishike wewe na watoto wako. Ukiumwa na mbwa yeyote, mwenye chanjo au asiye nayo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usipake majivu wala pilipili, wala usingoje kuona. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Kabla ya dalili, chanjo inaokoa.

Yule mzee wa mkutanoni bado hapendi mbwa, na hana sababu ya kuwapenda kwa kunifurahisha mimi. Lakini mjukuu wake ana mbwa klabuni, na siku ya chanjo iliyofuata mzee mwenyewe ndiye aliyeshika kamba, kwa kuwa kijana alikuwa shuleni. Mbwa alitulia, akachomwa, akapewa dagaa wake.

Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na halmashauri nyingi huitumia kuchanja. Ukianza leo na ukanda wa shingo na dagaa, mbwa wako atakuwa anashikika kabla ya siku hiyo kufika. Tafuta majirani wawili wenye mbwa, nendeni ofisi ya mifugo ya kata yenu, muulize ratiba ya chanjo, kisha mtafute hiyo baiskeli mbovu.