Palipolia Kengele

Kitambaa cha merikani walichojifunga bibi zetu wa kale katika karne ya 19 kilitoka viwanda vya Massachusetts, Marekani. Ukifika mji wa Lowell katika jimbo hilo, utaona kiwanda cha pamba cha Boott, kilichoanzishwa mwaka 1835. Kengele yake iliwaamsha wasichana alfajiri. Walifanya kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, na usiku wakalala wawili wawili kitandani katika nyumba za kampuni.

Leo sehemu ya jengo ni makumbusho, nyingine ni nyumba za kuishi zenye madirisha marefu. Palipovuma mitambo, watoto wanalala. Lakini kodi za mji zimepanda, na familia nyingi za wafanyakazi haziwezi kuzimudu. Tunaposifu nyumba nzuri, tumkumbuke aliyetoa jasho humo, na jirani aliyebaki mlangoni.